Siku Tano Orlando na Binti wa Sentimita 96

Simulizi hii nimeiunga mwezi mmoja baada ya kurudi nyumbani Decatur, Georgia, kutokana na daftari dogo lililokaa garini, bahasha ya risiti, na picha zipatazo mia nne ambazo robo yake zilipigwa na binti yetu na zinaonyesha zaidi visigino vya watu. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka mitatu na miezi kumi, na Mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Lamu. Haikuwa safari yangu ya kwanza Florida, lakini ilikuwa mara yetu ya kwanza sote kuingia katika bustani ya burudani, na nusu ya kazi ilifanyika mezani jikoni kabla hatujawasha gari.

Kabla ya safari

Walt Disney World, eneo la burudani lililo karibu na Orlando, ina bustani nne zenye kiingilio: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Rafiki zetu waliotutangulia walituambia twende zote nne kwa siku nne, kwa sababu umeshafika, utarudi lini? Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni futi ya fundi cherehani. Michezo mingi ya kasi ina kipimo cha urefu ambacho hakina msamaha, nami nilivichora vipimo hivyo katika ukurasa mmoja wa daftari: sentimita 89, 97, 102, 112. Kisha nikamsimamisha binti ukutani akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku yenyewe, maana huko hupimwa na viatu. Alifika 96. Kwa hiyo karibu michezo yote ya kasi ambayo watu hulipia safari nzima ilikuwa imefungwa kwake, na bustani mbili kati ya nne zilibaki na vitu vichache mno vya kumfaa. Tukachagua mbili, Animal Kingdom na Magic Kingdom, na katikati yake tukaweka siku ya kupumzika.

Kwa anayepanga: mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu huingia bure, na kuanzia mitatu hadi tisa hulipiwa tiketi ya mtoto, ambayo bei yake ni ndogo kidogo tu kuliko ya mtu mzima. Mke wangu amenikumbusha mara kadhaa kwamba tungekwenda mwaka mmoja mapema tungeokoa fedha hizo, na mimi nimemkumbusha mtoto huyo alikuwaje akiwa na miaka miwili. Bei ya tiketi hupanda na kushuka kulingana na tarehe. Tulichagua Septemba, wiki ya baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, kwa kuwa shule zimekwisha kufunguliwa, foleni hupungua na bei hushuka. Badala yake unakubali joto kali, mvua za radi za alasiri, na msimu wa vimbunga unaoanza Juni mosi hadi mwisho wa Novemba. Tiketi ya siku mbili hukupa siku nne za kuitumia, kwa hiyo siku ya mapumziko katikati haikugharimu kitu kwenye kiingilio.

Jumamosi: barabarani

Tuliondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Ni kilomita zipatazo 700, karibu zote katika barabara kuu ya I-75 inayoshuka kusini kupitia Macon, Tifton na Valdosta, na hadi Tifton hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba binti alilala na sisi tukashukuru.

Karibu na Tifton tulitoka barabarani kutafuta choo, na nje ya kituo cha mafuta palikuwa na mzee mmoja aliyeweka sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, mvuke ukipanda. Mama alishuka polepole, akasogea, akachungulia, kisha akageuka kunitazama kama mtu aliyemwona jirani yake wa zamani ugenini. Zilikuwa njugu za kuchemsha, na maganda yake, katika maji ya chumvi. Jimbo la Georgia hulima njugu kwa wingi, na desturi ya kuzichemsha huko kusini inahusishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani. Mama alinunua mfuko wa dola tano, na mzee, alipoona jinsi alivyolifungua ganda la kwanza kwa kidole gumba bila kuangalia, alichota konzi nyingine kubwa na kuiongeza bila kutaka fedha. Tulikula njugu hizo hadi mpaka wa Florida, na maganda yake bado tunayakuta chini ya viti.

Mara tu uvukapo mpaka kuna kituo rasmi cha kukaribisha wageni wa Florida, ambapo kila anayeingia hupewa kikombe kidogo cha juisi ya machungwa bure. Msikipite. Vyoo ni visafi, kuna majani ya mtoto kukimbilia, na binti alikunywa vikombe vitatu kwa kujipanga foleni upya kila mara kwa uaminifu mkubwa.

Kutoka Wildwood tuliingia barabara ya kulipia iitwayo Florida's Turnpike. Stika ya Georgia ya kulipia barabara, Peach Pass, hufanya kazi pia katika barabara za kulipia za Florida, jambo nililolijua vyema na kulieleza kwa kirefu garini, hadi mke wangu aliponiuliza stika yenyewe iko wapi. Ilikuwa katika kioo cha gari jingine, nyumbani.

Hoteli tuliyokuwa tumeipanga ilikuwa Kissimmee, kando ya barabara namba 192 ambako malazi ya bei nafuu yamepangana kama maduka ya sokoni. Bei tuliyoiona kwenye simu haikuwa bei tuliyoikuta mezani: kulikuwa na ada ya dola 15 kwa kila usiku ambayo ilitajwa kwa maandishi madogo sana, na friji tuliyoahidiwa ilikuwa na mlango usiofunga. Nilibishana, nikashindwa kwenye ada na nikashinda kwenye friji. Ulizeni ada hizo kwa jina kabla ya kulipa, na ombeni chumba chenye friji na maikrowevu, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vilivyotuokoa kwenye chakula.

Jumapili: Animal Kingdom

Maegesho yalikuwa dola 30 kwa siku. Kwenye lango kila mtu mzima huweka kidole juu ya mashine pamoja na tiketi. Watoto wa chini ya miaka kumi hawaombwi. Kidole cha Mama kilikataliwa. Akakifuta kwa leso, kikakataliwa tena. Akajaribu cha mkono wa pili, vivyo hivyo. Mama ameshona kofia za vito kwa zaidi ya miaka arobaini, na ncha za vidole vyake zimelainika na kuchanjwa na sindano hata mistari haionekani vizuri. Mfanyakazi wa lango, mwanamke wa makamo, aliushika mkono ule, akautazama, akauliza ni kazi gani. Nilipomweleza, aliomba kitambulisho chenye picha, akamruhusu, na akaandika jambo katika kifaa chake ili tusisumbuliwe tena siku ile. Anayesafiri na mzazi mtu mzima na abebe kitambulisho mkononi, si ndani ya begi la chini ya kigari.

Tulikwenda moja kwa moja upande wa Afrika, kwa sababu wanyama huonekana zaidi asubuhi kabla ya jua kali. Na hapo ndipo nilipofika mahali nilipotaka Mama apaone. Upande huo umejengwa kama mji wa pwani ya Afrika Mashariki ambao haupo katika ramani yoyote, na kiongozi wa wabunifu wake, Joe Rohde, alieleza kwamba waliutazamia mji wa Lamu. Kuta zimepakwa kitu kama chokaa ya matumbawe kisha zikabanduliwa kwa makusudi, nyufa zimechorwa, matangazo yamebandikwa na kuchanwa nusu. Jina la mji ni Harambe.

Mama alisimama chini ya bango hilo muda mrefu.

"Wamekula herufi moja," akasema.

Kweli, ni "e" moja badala ya mbili, na kwa mtu aliyeimba neno hilo shuleni na kuliona kwenye ngao ya taifa la Kenya tangu ujana wake, upungufu huo haupitiki hivi hivi. Kuanzia hapo aligeuka mkaguzi. Kuna duka liitwalo Mombasa Marketplace, akaliafiki. Kuna kibanda cha vinywaji na vitamu kiitwacho Tamu Tamu, akakiafiki pia. Kuna kibanda kilichoandikwa Mahindi, na alipokaribia akakuta kinauza bisi. Akatikisa kichwa, akasema si uongo lakini si jina lake. Mkahawa wa kahawa na mikate unaitwa Kusafiri, na Mama alitaka kujua ni nani asafiriye. Ukutani kumeandikwa kwamba mji huo ulipata uhuru mwaka 1961. "Basi hawa ni Watanganyika," akahitimisha, kwa kuwa sisi Wakenya tulisubiri hadi 1963.

Kijana mmoja aliyekuwa akipanga watu kwenye foleni, ambaye beji yake ilionyesha kwamba ametoka Ohio, alimpungia mkono na kusema, "Jambo!" Huwasalimu hivyo watu wote, nao hucheka na kupita. Mama hakupita. Alisimama, akamjibu, "Sijambo, mwanangu. Wewe hujambo? Watu wa kwenu hawajambo? Umeamkaje?" Kijana akaduwaa, kisha akacheka, akaniomba nimweleze aliloulizwa, na Mama akamfundisha jibu palepale huku foleni ikisubiri kwa adabu. Tulipopita tena baada ya saa mbili, alituona kwa mbali na kupaza sauti, "Sijambo, Mama! Hawajambo!"

Lakini aliyenishangaza zaidi ni binti. Nyumbani tunazungumza naye Kiswahili, naye hutujibu kwa Kiingereza cha shule ya chekechea, kama watoto wengi wa huku. Hapo, kwa mara ya kwanza, alisikia maneno ya nyumbani yakitoka kwa watu asiowajua na yakiwa yameandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Alimshika Mama kanga, akamwuliza kwa Kiswahili, neno baada ya neno, "Bibi, hapa ni kwetu?"

Mama akatazama kushoto na kulia. "Kwetu kuna punda," akamjibu.

Safari ya wanyama yenyewe, Kilimanjaro Safaris, haina kipimo cha urefu, na hata mtoto mchanga hupanda. Ni gari kubwa la wazi linalokwenda kwa dakika zipatazo ishirini katika uwanja wa ekari 110. Mibuyu mingi mle ni ya saruji, lakini tembo, twiga, viboko na faru ni wa kweli. Foleni ilikuwa dakika 25 saa mbili na nusu asubuhi, na tulipotoka bango lilionyesha 60. Nilitarajia binti ashangilie simba. Simba alilala na kututolea mgongo. Aliyemshika moyo ni ng'ombe wa Ankole, na pembe zake kubwa kama milango, aliyesimama njiani na kukataa kuondoka, hata dereva akazima injini. Binti alimwambia ng'ombe huyo maneno mengi ambayo hatukuyasikia vizuri.

Chakula chetu wenyewe tulikibeba, na inaruhusiwa, mradi kusiwe na chupa za kioo wala barafu ya vipande vilivyo wazi. Tulikula mahamri, viazi karai na mayai ya kuchemsha kwenye benchi lenye kivuli, na maji baridi ya barafu hutolewa bure kwa vikombe katika migahawa ya kaunta ukiomba. Tukatembea hadi Tree of Life, mti wa kujengwa wenye urefu wa mita 44 ambao kiunzi chake ni cha mtambo wa kuchimbia mafuta, na shina lake limechongwa wanyama zaidi ya mia tatu. Tulicheza mchezo wa kuwatafuta, mnyama mmoja kwa kila mtu, na mchezo huo wa bure uliishi muda mrefu kuliko mwingine wowote.

Jambo moja ambalo hakuna aliyetuonya: vyoo vingi hujimwagia maji vyenyewe kwa kihisio, na mtoto mdogo akikaa, kihisio humsahau, maji hunguruma chini yake ghafla. Baada ya tukio la kwanza binti aliapa kutokwenda tena. Mama mmoja aliyekuwa akinawa alimpa mke wangu kijitabu cha karatasi ndogo zenye gundi mgongoni: unabandika moja juu ya kihisio, unaiondoa ukimaliza. Tulizitumia zote.

Saa saba mchana tuliondoka. Binti alilala kabla hatujafika kwenye gari, nasi tukasali adhuhuri na alasiri pamoja hotelini.

Jumatatu: bwawa

Tuliogelea, tukalala, tukafua. Ilinyesha. Kama ningekuwa na tiketi za siku nne, siku hiyo ningekuwa nikimburura mtu anayelia.

Jumanne: Magic Kingdom

Jumanne haikuchaguliwa bure. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna jioni ambazo Magic Kingdom hufungwa saa kumi na mbili kwa wenye tiketi za kawaida ili kupisha sherehe inayolipiwa kando, na wengi huzikwepa siku hizo kwa sababu hawataona fataki. Kwa mtoto anayelala saa mbili usiku, siku kama hiyo ni neema: mchana huwa na watu wachache zaidi.

Ukiegesha gari hujafika bado. Unakwenda kwanza kituo cha usafiri, kisha unachagua treni ya reli moja au feri ya kuvuka ziwa. Mama alichagua chombo kabla sijamaliza kueleza, akasoma dua ya kupanda chombo kama afanyavyo akivuka kutoka Mokowe kwenda kisiwani Lamu, akasimama mbele kabisa. Kasri lilipoanza kuonekana, binti alinyamaza kimya. Lina urefu wa mita 57 na ushei, na halina tofali hata moja. Ni chuma, saruji na nyuzi za kioo, na mawe yake ya bandia yamefanywa madogo kadiri yanavyopanda ili lionekane refu zaidi. Nilimweleza mke wangu hayo yote, naye akaniomba ninyamaze.

Tembo warukao wa Dumbo alipanda mara tatu mfululizo, dakika kumi kila foleni. Kisha reli ndogo ya Barnstormer, ambayo kipimo chake ni 89, na huo ukawa mchezo wake wa kwanza wa kasi. Alishuka miguu ikitetemeka, akataka tena. Hapo nikafanya kosa. Nilijiambia kwamba 96 na 97 ni ndugu, na kwamba soksi nene zingesaidia, nikampeleka kwenye Seven Dwarfs Mine Train. Tulisubiri katika jua dakika kadhaa kufikia mwanzo wa foleni, ambapo mzee mmoja alimsimamisha kando ya fimbo ya kupimia. Nywele zilipita, kichwa hakikupita. Mzee alipiga goti, akamwonyesha kwa kidole chake kile kipande kilichobaki, upana wa ukucha, akamwambia kwamba kitaota chenyewe. Binti alilia kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi feri. Kosa si la mzee wala la fimbo. Namba ilikuwa katika daftari langu tangu Agosti, nami ndiye niliyemwahidi.

Kwa familia zenye watoto wa vimo tofauti, au wazazi wanaotaka kupanda wao, kuna utaratibu wa kupokezana: mmoja hupanda, mwingine hukaa na mtoto, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya. Unauomba kwa mfanyakazi wa mlangoni. Sisi, kwa adabu, hatukuutumia pale.

Saa tisa alasiri radi ilianza. Michezo yote ya nje husimama, na maelfu ya watu hukimbilia chini ya paa zilezile. Makoti yetu ya mvua yalikuwa yamekauka vizuri kabisa, hotelini, baada ya kuanikwa Jumatatu. Tulibanana chini ya baraza la duka moja na familia iliyotoka Puerto Rico, na bibi yao, alipomwona Mama amejifunika kanga iliyolowa, alifungua mkoba na kutoa makoti mawili ya plastiki mapya, moja la Mama, moja la binti. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mama alimpa njugu, mabaki ya zile za Tifton, na wale mabibi wawili wakazimenya pamoja hadi mvua ilipopungua. Feri hazivuki kukiwa na radi, kwa hiyo tulirudi kwa treni.

Jumatano, na hesabu

Mzee wa njugu hakuwepo tuliporudi. Mengine ya barabara ni yaleyale.

Tiketi nne za siku mbili pamoja na kodi zilikuwa dola 1,016, hoteli kwa usiku nne pamoja na ile ada, 372, mafuta 95, maegesho 60, chakula chote, pamoja na ununuzi wa dukani Kissimmee, 210. Kigari tulikuja nacho, na hilo pekee liliokoa kiasi cha kutosha, kwa kuwa vya kukodi hulipiwa kila siku na haviruhusiwi kutoka nje ya bustani. Ile huduma ya kulipia ili kupunguza foleni hatukuinunua. Inafaa zaidi kwa michezo mikubwa, ambayo mtoto wetu haikumhusu.

Wiki tatu baadaye ilikuja barua kutoka Florida yenye picha ya sahani ya namba ya gari letu na bili ya barabara ya kulipia. Mama alikuwa amekwisha kurudi Lamu. Nilipompigia simu nikamsomea hesabu yote, hadi na hiyo bili, alisikiliza kwa subira, kisha akauliza kama wale wa Harambe wamekwisha kuleta punda.